Mjumbe wa Nyumba ya Chini Kabisa

Nianze na upumbavu wangu, maana nikiuweka mwisho nitaupamba mpaka uonekane kama bahati mbaya. Nilisukuma. Basi. Bomba letu la maji machafu lilikuwa limeziba, zamu ilikuwa yetu, na kila mtoto wa safu yetu pale Igogo anajua kwamba bomba likiziba huvutwa, halisukumwi. Unafungua chemba, kile kishimo chenye mfuniko nje ya nyumba, unaingiza waya uliokunjwa ncha kama ndoano, unavuta uchafu uje kwako, unaujaza kwenye karai, unakwenda kuufukia kwenye migomba kule mwisho wa safu. Ni kazi ya asubuhi nzima, na inanuka. Mimi Jumamosi ile nilikuwa na mpira. Kwa hiyo nikachukua ufito wa mama wa kuanikia nguo, nikauchomeka bombani, nikaushindilia uchafu wote wa nyumba yetu uteremke, kisha nikamwaga ndoo mbili za maji juu yake. Bomba likasema "gluk." Masalu, rafiki yangu, alikuwa ananingoja na viatu vyake vya mpira shingoni. Nikamwambia, "Umeona? Limemeza." Tukaenda zetu uwanjani. Tulifungwa.

Chini yetu kulikuwa na nyumba moja tu, nayo ilikuwa ya Mjumbe wetu wa nyumba kumi. Kwa "gluk" ile Mjumbe alipoteza jina lake mbele ya nyumba zote kumi, kwa gunia la sukari ambalo hakuliuza. Nitafika huko. Ila kwanza nimweleze mwenyewe alivyo, maana kwa muda mrefu watu walimtaja kwa jina la utani nililompa mimi, na mtu hawezi kujulikana kwa upuuzi wa mtoto wa kidato cha pili.

Anayeijua Igogo, mtaa wetu wa mlimani kando ya ziwa, anajua mawe. Nyumba zetu zimepanda mlima zikipenya katikati ya mawe makubwa kuliko zenyewe, na huwezi kuchimba shimo la maana bila kugonga jiwe lingine lililolala chini. Ndiyo maana nyumba kumi tuna bomba moja la saruji linaloteremka likijikunja kama nyoka aliyeshiba, na maji ya kila nyumba hupitia kwenye chemba ya jirani wa chini. Maji ya wote huishia kwa Mjumbe. Pale bomba linazunguka jiwe moja kubwa lililo chini ya ukuta wake, ndipo linakwenda kumwaga shimoni. Wageni walikuwa wakimwuliza, "Mjumbe mzima, mbona umechagua kukaa huku chini?" Yeye anajibu, "Ningekaa juu ningewajuaje?"

Alikuwa karani kwenye ghala la pamba, mtu wa Ukerewe, mjane, mrefu, mwembamba, mwenye kichwa kidogo ambacho Masalu alisema kilikuwa cha mtu mwingine, kimeazimwa. Mashati yake yote yalikuwa na mkono mmoja. Mkono wa kulia alikuwa ameukata kwa mkasi mpaka begani, ili usiloane akiingiza mkono bombani, na hakuona sababu ya kuwa na mashati mengine ya kwendea mahali pengine. Hata ile suti yake ya kaunda ya kuendea mikutanoni aliikata. Padre alipomwona kanisani mara ya kwanza alidhani ni mtu aliyeponea ajali.

Kila Jumamosi asubuhi tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa na kengele ya baiskeli. Baiskeli yenyewe iliibiwa zamani, mwizi akasahau kengele, au kengele ilikuwa mfukoni siku hiyo, sijui. Alipanda mlima akiiliza, kring kring, na sisi vijana tunajibanza ukutani kana kwamba kweli kuna chombo kinapita.

"Jamani, mtalo! Mtalo, jamani!"

R yake ilikuwa inateleza. Nilikuwa namwiga vizuri sana. Nilimwiga mpaka darasani, mwalimu wa siasa akicheka kwa kujificha nyuma ya kitambaa.

Sheria yake ilikuwa moja: tunaanzia chini. Yeye kwanza anafungua chemba yake, anavuta, akimaliza anagonga kengele, ndipo sisi wa pili tunafungua, na kadhalika mpaka juu. Na wakati huo hakuna anayeosha hata kikombe. Wa juu wakikosa subira wakamwaga maji, yanamkuta mwenzao wa chini ameingiza mkono mpaka kwapani. Hilo lilitokea mara moja tu. Mama Nyangeta wa nyumba ya tano alimwaga karai zima la maji ya kufulia, na Mjumbe alikuwa ameinamia chemba ya nyumba ya nne akimsaidia bibi mmoja. Alinyanyuka na povu mpaka kwenye nyusi. Tukangoja amtukane. Alijifuta, akasema, "Mama Nyangeta, nakushukuru. Sasa najua sabuni umepata. Umeipata wapi?" Sabuni ilikuwa haipo mji mzima. Mama Nyangeta hakumwaga tena.

Kusubiri watu wa manispaa hakukumwingia akilini. Mtu akisema, "Si tungojee bwana afya?" Mjumbe anamwangalia kwa huruma. "Anayemngoja bwana afya," anasema, "atamngoja akinuka." Na alikuwa na msemo mwingine: "Bwana afya akija mpe kiti. Usimpe waya. Waya ni wako." Shuleni tulikuwa tunaimba elimu ya kujitegemea kila asubuhi kwenye mstari, mimi nikiwa mstari wa mbele kwa sababu ya sauti, lakini ukinipa waya nilikuwa nabadilika, mkono unaanza kuuma. Mjumbe alinijua. "Wewe," aliniambia siku moja, "kujitegemea kwako kuko kooni."

Msidhani kwamba alikuwa fundi. Hakuwa. Alikuwa mtu mbishi tu mwenye waya mrefu. Mara nyingine alikosea vibaya, na alikosea kwa sauti kubwa. Kuna mwezi alisikia mahali, nadhani kwenye kivuko, kwamba machicha ya pombe ya ndizi yakimwagwa bombani yanakula mafuta yote ya samaki. Akatuamuru. Kila nyumba ikatafuta machicha. Mama yangu, ambaye ni mtu wa Bukoba na ndizi anazijua kuliko Zaburi, alimwambia, "Mjumbe, mambo haya hayafanyi hivyo." Hakusikia. Wiki nzima mlima wetu ulinuka kilabu. Bata wa Mama Nyangeta walikunywa kwenye shimo, wakawa wanatembea kwa upande, mmoja akaingia kanisani wakati wa ibada na hakutaka kutoka. Bomba likaziba mara mbili zaidi. Mjumbe alipita nyumba hadi nyumba na kengele yake kusema, "Nilikosea. Vuteni." Sijawahi kumwona mkubwa mwingine akipita nyumba hadi nyumba kusema hivyo. Wakati ule niliona ni kichekesho tu.

Kitu kilichoziba bomba letu kuliko vyote ni magamba ya sato. Watu wa sehemu nyingine wana nywele na mchanga wa kusugulia sufuria. Sisi tuna magamba. Yanaganda ukutani mwa bomba kama vigae vidogo, halafu mafuta yanakuja kuyapaka, halafu ugali ulioungua unakaa juu, na hapo una ukuta ambao hata mwashi hawezi kuujenga. Mjumbe alipiga marufuku kuparia samaki kwenye karo la kuoshea vyombo. Samaki aparwe juu ya gazeti, magamba yafungwe, yafukiwe. Na nani alikuwa mlaji mkubwa wa sato mlima mzima? Yeye. Kila jioni moshi wa sato ulipanda kutoka kwake mpaka kwetu, na sisi tunakula maharage tukivuta pua. Siku moja akavuta kwenye chemba yake mwenyewe, mbele ya vijana sita, akatoa donge la magamba kama ngumi. Vijana tukakonyezana. Mjumbe akalitazama. Akasema, "Mhalifu amepatikana." Jumamosi hiyo akabeba makarai ya nyumba zote kumi peke yake mpaka kwenye migomba, mtu mzima na mvi zake, huku mimi nikitembea nyuma yake nikiigiza tarumbeta.

Jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokuwa nimeshamharibia ni hili: yule mtu mwenye mdomo mkubwa hivyo alikuwa kaburi la siri. Fikiria, mtu anayevuta uchafu wa nyumba kumi anajua nani amekula nini. Wakati kila nyumba ilisema haina cha kuchangia bati la shule, Mjumbe alivuta mifupa ya mbuzi kwenye nyumba ya saba. Niliiona kwa macho yangu, nilikuwa nimeshika karai. Nikafungua mdomo. Akaniwekea udongo koleo zima juu ya ile mifupa na kusema, "Beba." Kwenye nyumba ya kijana kapera, mwalimu wa kwaya, alivuta nywele ndefu za kusuka. Akasema, "Uzi huu wa mwavuli ni mrefu," akaufukia. Nilimwuliza, "Mjumbe, huu ni uzi wa mwavuli kweli?" Akaniambia, "Kinachotoka kwenye bomba la mtu kinakwenda migombani. Hakiendi dukani." Nilicheka njia nzima. Kesho yake nikaenda dukani na habari ya uzi wa mwavuli.

Sasa sukari.

Mgawo wa kumi yetu ulikuwa gunia moja, na ulikuja baada ya miezi ya chai ya chumvi. Uliletwa Ijumaa; Mjumbe alitakiwa augawe Jumapili baada ya kanisa, kila nyumba na chombo chake. Aliliweka gunia kwenye chumba chake cha uani kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na kufuli. Zamani chumba hicho kilikuwa bafu. Kilikuwa na sakafu ya saruji na tundu pembeni la kutolea maji, linaloingia kwenye bomba letu hilo hilo. Aliliinua gunia juu ya matofali mawili, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Jumamosi asubuhi na mapema ikaja habari kwamba shemeji yake amefariki ng'ambo ya kivuko cha Busisi. Akaondoka na mfuko wa nguo za msibani begani. Alipita mlangoni kwetu akasema, "Leo zamu yenu. Mimi sipo, lakini nimeshavuta kwangu. Vuteni taratibu." Mama akampa pole. Mimi nikasema, "Sawa Mjumbe."

Mchana tukiwa uwanjani mvua ikanyesha, ile ya ziwani inayokuja kama imetumwa. Maji ya nyumba tisa na ya mlima mzima yakateremka, yakafika kwenye jiwe la Mjumbe, yakakuta uchafu wangu umekaa kwenye kona kama mlango. Yakarudi nyuma, yakatafuta tundu, yakalipata. Hakukuwa na mtu ndani. Yalijaa, yakakaa, yakanywa sukari, na baadaye uchafu ulipolegea yakashuka polepole na sukari yetu tumboni.

Jumapili Mjumbe akarudi kwa kivuko cha kwanza. Sisi tulikuwa tumepanga mstari uani kwake na bakuli, makopo, mitungi ya maziwa. Koku mdogo wangu alikuwa na kikombe chake mwenyewe na wimbo wake mwenyewe. Mjumbe akafungua kufuli. Akasimama mlangoni muda mrefu kiasi kwamba walio nyuma wakaanza kusema, "Kuna nini?" Sakafu ilikuwa imelowa tu, haina hata dimbwi. Gunia lilikuwa limelala juu ya matofali kama ngozi ya mbuzi, na chini yake sukari ya kutosha labda nyumba mbili, imeganda, ina rangi ya matope.

"Maji yamepandia kwenye tundu," Mjumbe akasema.

"Maji gani?" akauliza Mama Nyangeta. "Mbona hatuyaoni?"

"Yameshuka."

"Yameshuka na gunia zima? Na wewe jana umevuka Busisi na mfuko begani, watu wamekuona."

"Nguo zangu, Mama Nyangeta."

"Nguo tamu hizo!"

Mimi nilishajua. Alipotaja tundu tu, nikaikumbuka ile "gluk" yangu. Nilikuwa mtu wa tano kwenye mstari, na bakuli la mama mikononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili, "Nilisukuma mimi," na yangekuwa yameisha hapo hapo, na viboko vyangu vingekuwa halali. Badala yake, Mjumbe alipouliza kwa sauti ndogo, kama anajiuliza mwenyewe, "Sasa sukari imekwenda wapi?" mdomo wangu ukajibu kabla sijautuma.

"Ziwani! Kesho wavuvi watatoa sato wa sharubati!"

Uani kukalipuka. Watu walicheka kama wamepewa kitu badala ya sukari. Walikuwa wanakihitaji, nadhani. Kufika jioni mlima mzima ulikuwa unamwita Mzee Sharubati. Watoto waliimba. Mtu aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wake. Na ubaya wa jina la kuchekesha ni kwamba halihitaji ushahidi, likishachekesha limeshathibitisha. Ninajua hivyo kwa sababu mimi ndiye fundi wake.

Kwenye mkutano wa nyumba kumi walimwuliza tena, naye akajibu vile vile, maji, tundu, yameshuka. Wakapiga kura ya mikono. Mama yangu aliinua mkono wake pamoja na wengine. Niliuona ukipanda taratibu, akiwa ametazama chini. Mjumbe akatoa muhuri na kengele mfukoni, akaviweka mezani. Wakamrudishia kengele, wakasema hiyo ni ya kwake.

Mama Nyangeta akawa mjumbe. Si mbaya, ila Jumamosi zikafa. Watu walivuta wanapotaka, au hawakuvuta. Kwa hiyo uchafu wa nyumba tisa uliendelea kuteremka kwa yule wa chini kabisa, naye kila Jumamosi alfajiri akafungua chemba yake akavuta, kimya, bila kring kring, kwa sababu asipovuta nyumba inayofurika ni ya kwake. Mimi nikaingia kidato cha tatu. Niliacha njia ya chini, nikawa napitia juu kwenye mawe kwenda shule, njia ndefu inayoumiza vidole. Masalu aliuliza kwa nini. Nikasema nafanya mazoezi.

Likizo iliyopita mama alinituma. "Mpelekee mzee ndizi hizi," akasema. Hakusema mzee gani. Nikamkuta uani anaosha kambare kwenye karai, peke yake, na redio ndogo isiyokamata vizuri.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba. Mjumbe yuko juu, nyumba ya tano. Umepotea njia?"

"Mama amenituma na ndizi."

"Mwambie nimeshukuru. Weka hapo."

Niliweka. Nilipaswa kuondoka. Nikamwona yule kambare, samaki asiye na gamba hata moja, na kwa ajili ya kusema chochote nikasema, "Siku hizi huli sato, Mjumbe?"

"Niliacha," akasema. "Tangu ile siku. Nilifikiria sana, nikaona ni magamba yangu mimi. Nitakuwa nilipitiwa, nikaparia kwenye karo, yakakaa kwenye kona. Sukari ya watu nimeipoteza mwenyewe. Kuuza sikuuza, lakini kupoteza nimepoteza." Akamgeuza kambare. "Huyu hana gamba. Hana utamu vile vile, lakini hana gamba."

Nimewahi kuchapwa mbele ya shule nzima na nikainama kwa madaha nikipungia watu mkono. Pale sikuwa na madaha yoyote. Nilimwambia. Niliyasema kwa fujo, mpira kwanza, halafu ufito, halafu ndoo, halafu mpira tena. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Ndoo ngapi?"

"Mbili."

Akaweka kisu. Nilidhani atanipiga, na nilikaa vizuri ili anifikie. Hakunipiga. Alinitazama, na kama ni kwa hasira au kwa kitu kingine, mpaka leo sijui.

"Ondoka kwangu," akasema.

Nilipofika kwenye jiwe akaniita. "We kijana! Umeniambia mimi. Mimi kwamba sikuuza ninajua tangu siku ile. Kawaambie wasiojua."

Kesho yake kulikuwa na foleni ya mafuta ya taa pale duka la ushirika, na karibu kila nyumba ya kumi yetu ilikuwa na mtu pale. Nikasimama juu ya kreti. Nikasema, "Jamani, ile sukari hakuiuza mzee. Niliipoteza mimi. Nilisukuma bomba badala ya kuvuta."

Halafu Mama Nyangeta akaanza kucheka, mabega kwanza.

"Leo kaja na nyingine huyu!"

"Kweli, mama. Nilichukua ufito wa kuanikia..."

"Ufito!" Wakashikana mabega kwa kicheko. "Endelea, na bata je, walilewa?"

"Naapa!"

"Anaapa! Mwoneni uso alivyoukunja!"

Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka. Nililia machozi ya kweli na mtu mmoja akapiga makofi. Masalu, rafiki yangu kabisa, akaniambia pembeni, "Hiyo ni kali, lakini ungemaliza na Mzee Sharubati mwenyewe." Nilishuka kwenye kreti. Watu wazima wakanipa nafasi mbele ya foleni, kama zawadi.

Nilimkuta mama anachambua maharage. Nikamweleza yote, na foleni pia. Hakucheka. Aliendelea kuchambua, akatupa mawe mawili, akaniuliza, "Na mzee umemwambia?" Nikasema ndiyo. "Akasemaje?" Nikamwambia. Akaacha kuchambua.

Jumapili ile kulikuwa na mgawo wa sabuni uani kwa Mama Nyangeta. Mama alivaa khanga yake ya kanisani, akanishika kifundo cha mkono kama mtoto wa chekechea, tukashuka kwenye njia ya chini, tukapanda tena. Watu wote walikuwepo. Yule mzee pia alikuwepo, nyuma kabisa, kaegemea ukuta na shati lake la mkono mmoja, anangoja kuitwa.

"Mama Nyangeta," mama akasema, "kabla hujagawa. Huyu mtoto wangu aliwaambia jambo dukani mkacheka. Mimi sijacheka."

Nikasema tena. Safari hii nilisema maneno machache.

"Mama Koku," akasema Mama Nyangeta, naye hakuwa anacheka sana, "una hakika si masihara yake? Huyu tunamjua."

"Ufito ni wangu," mama akasema. "Jumamosi ile niliukuta unanuka bomba. Niliusugua kwa majivu, nikaanika nguo. Sikumwuliza mtoto. Jumapili nikasikia maji yamepandia kwenye tundu, bado sikumwuliza. Halafu nikaja mkutanoni nikainua mkono." Akauinua, ule ule wa kulia, ili wauone. "Huu hapa."

Baba mmoja wa nyumba ya saba alivua kofia akaitazama ndani. Mama Nyangeta alifunga khanga yake upya ingawa haikuwa imelegea. Mwishowe akageuka kule nyuma, akasema, "Mzee wangu, tusamehe."

Vichwa vyote vikageuka. Yule mzee hakutoka ukutani.

"Sabuni yangu nipeni," akasema.

Wakampa kabla ya wote. Aliinusa, akaitia mfukoni, akashuka kwake. Hakuna aliyemwita Sharubati, na hakuna aliyejua amwite nani. Hawajamrudishia ujumbe, wanasema watakaa kikao, hawajakaa.

Mama aliniachia kifundo tulipokuwa tumeshapita nyumba ya nne. Nilimwuliza kama sasa mambo yamekwisha. Akasema bila kusimama:

"Leo wamekuamini kwa sababu mimi nimeuweka uso wangu mbele yao. Uso mwingine wa kukuwekea sina."